TUMBEBE MGONJWA WA KANSA
Somo: Marko 2:1-12



Watu wanne walimbeba mwenzao hadi juu ya paa. Tunapenda kuhubiri imani yao, lakini mabega yao tunayasahau.

Sisi wachungaji tunakiri kosa letu. Mama mmoja alikuja kuombewa akiwa na uvimbe kwenye titi. Tulifunga na kuomba pamoja naye miezi mingi, wala hatukumwambia aende kupimwa. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa, naye akaanza kujificha. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Tusome pia 2 Wafalme 20:7. Isaya alikuwa amepokea neno la uzima kwa Hezekia, hata hivyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona haya kutumia dawa. Sisi tuliona haya ya nini?

Kuchelewa kunamwumiza mkimbizi kuliko wengine. Matibabu ya kansa ni ghali, na HCR huwa na kamati inayopima gharama pamoja na tumaini la kupona. Huko Yordani, kati ya mwaka 2010 na 2012, kamati hiyo ilipokea maombi 511 ya wagonjwa wa kansa, ikakubali 246. Sababu kubwa mojawapo ya kukataa ilikuwa ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Basi uvimbe hata usiouma, kidonda kisichopona, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi: nenda kituo cha afya cha kambi wiki hiyo hiyo, uombe karatasi ya kupelekwa hospitali. Maombi yataendelea ukiwa njiani.

Na yule asiyeweza kupona tena? Hapo ndipo wengi hukimbia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala; baadaye kazi ikafika Mbarara na Hoima, sehemu zilizo karibu na kambi za ndugu zetu Wakongo. Wauguzi humfuata mgonjwa nyumbani, na watu wa kujitolea wa kijijini huwaonyesha walipo wagonjwa. Humpa mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, ili maumivu yapungue alale usingizi. Tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Kumtuliza mgonjwa si kukosa imani.

Kansa haiambukizi kwa kugusana. Kuleni naye sahani moja, mfulieni nguo. Kidonda kikinuka, msizibe pua mbele yake.

Hapa Magarama tunaweza kuwapokea wenzetu wa kambi ya Muyinga wanaotumwa hospitali ya Gitega: mkeka, uji asubuhi, mtu wa kuwafasiria Kirundi. Huko kambini, watoto wa mgonjwa wanahitaji wa kuwachotea maji. Mwenye nafasi aandikishe jina lake kwa mashemasi baada ya ibada, na aseme ni siku gani.