Ugali Mtupu Haumtoshi Mbwa

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki mbwa mlinzi hupewa makombo ya jioni: ukoko wa ugali, mchuzi uliosalia, na mfupa ambao watu wamekwisha kuuguguna. Mbwa hula, hutikisa mkia, na usiku hubweka kama kawaida. Baada ya miezi kadhaa manyoya hupukutika, mbavu huonekana, na mdomo hutoa harufu mbaya. Hapo husemwa kwamba mbwa amezeeka. Mara nyingi hakuzeeka. Ana njaa ya namna ambayo tumbo lililojaa haliionyeshi.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja, nayo ni kwamba mbwa hawezi kusaga wanga kwa sababu asili yake ni mbwamwitu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza kuwa mbwamwitu huwa na nakala 2 tu za jeni litengenezalo kimeng'enya cha kuvunjavunja wanga, ilhali mbwa wa kufugwa huwa na nakala kati ya 4 na 30. Kuishi karibu na jiko la binadamu kumembadilisha. Basi ugali wenyewe hauna hatia. Hatia ni kuuacha peke yake.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika majimbo ya kusini ya Marekani. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, maskini walioishi kwa mahindi walishikwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Mbwa waliolishwa namna hiyohiyo walipata "ulimi mweusi": mdomo wenye vidonda, kuharisha, na hatimaye kifo. Daktari Joseph Goldberger alitambua kwamba maradhi hayo mawili yana chanzo kimoja, tena hayaambukizi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwaponya mbwa wa aina hiyo kwa asidi ya nikotini, ambayo siku hizi huitwa niasini. (Jina lilibadilishwa ili watu wasiidhanie kuwa ni sumu ya tumbaku.) Niasini iliyomo katika mahindi imefungamana na vitu vingine hata mwili hauipati kwa urahisi, na protini ya mahindi ina upungufu wa triptofani, ambayo mwili ungeweza kuigeuza kuwa niasini. Nyama kidogo, dagaa au ini huziba pengo hilo.

Wako pia wenye uwezo ambao humlisha mbwa nyama tupu, wakiamini wamemtendea wema mkubwa. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na uwiano waweza kufika 15 au 20 kwa 1. Mbwa anahitaji kalsiamu isiyopungua kiasi cha fosforasi. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota katika mifupa. Mbwa mchanga ndiye huumia zaidi: miguu hupinda na mifupa huvunjika kwa kuruka tu.

Dawa yake hutupwa jalalani kila siku, nayo ni ganda la yai. Wanafunzi wakilitia ganda katika siki wataona mapovu ya kaboni dayoksaidi, kwa kuwa sehemu yake kubwa, yapata asilimia 95, ni kalsiamu kaboneti. Uzito wa molekuli ya kaboneti hiyo ni 100, na kalsiamu ndani yake ni 40. Kwa hiyo gramu 5 za unga wa maganda hutoa 5 × 0.95 × 0.4, yaani gramu 1.9 za kalsiamu. Maganda yachemshwe, yakaushwe, kisha yatwangwe hadi yawe laini.

Kwa mbwa mzima wa kilo 15, chakula cha siku chaweza kuwa unga wa dona gramu 130, nyama isiyo na mafuta mengi gramu 200, boga au karoti gramu 100, kijiko kidogo cha mafuta, chumvi yenye madini joto kidogo sana, na unga wa maganda gramu 2.5. Ini kidogo liongezwe mara moja kwa juma. Likizidi, vitamini A hudhuru. Dagaa wakavu gramu 60 waweza kushika nafasi ya nyama, na hapo maganda hayahitajiki, maana dagaa huliwa pamoja na mifupa yao. Kipimo hiki si cha watoto wa mbwa wala cha mbwa mwenye mimba.

Vitunguu visitiwe, kwani huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mahindi yaliyoota kuvu yasipewe mbwa kwa hoja kwamba ni mnyama tu: sumu ya aflatoksini haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa naye huathirika upesi.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa jamaa ya nyumbani ni mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, yanayotupiwa mbwa machinjioni. Ndani yake mna vichwa vya tegu mdogo, Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, na mtoto anayemshikashika mbwa huyo huyameza. Miaka baadaye uvimbe hukua katika ini au mapafu yake. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, imejulikana kwa muda mrefu kwa wingi wa ugonjwa huu. Maini na mapafu ya namna hiyo yafukiwe chini sana au yachomwe moto. Yasiyo na dalili yachemshwe kwa muda wa dakika 30 kabla mbwa hajayanusa.