Sitini na Wawili

Mzee mwenyewe alikuwa afisa wa ushirika kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadi leo hatoki nyumbani bila kalamu mbili mfukoni mwa shati, ya buluu na nyekundu. Anaishi Nakwamekwi, hapa Lodwar. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita kumsalimia tu, nikabaki kwa ajili ya chai. Kisha akaingia katibu wa chama cha ushirika wa nyumba kutoka Kakuma, mama kijana mwenye mkoba mzito. Alikuwa amepanda Probox alfajiri na kusafiri kilomita 120, na vumbi lilikuwa bado kwenye kope zake. Chama chao ni kidogo: walimu, wauguzi, wauza duka. Nikasogeza kiti changu kivulini nikasikiliza.

KATIBU: Ejoka, mzee?

MZEE: Ejok nooi. Keti kwanza, unywe kitu. Kakuma kumenyesha?

KATIBU: Bado, mzee. Lakini kuna moto. Kuna mswada unaletwa Bungeni wa kutukataza kuuza nyumba zetu. Wanachama wamewaka. Wanataka Jumatatu tuandamane.

MZEE: Mswada gani?

KATIBU: Huo wa nyumba.

MZEE: Miswada ya nyumba ni mingi. Namba yake? Ni wa mwaka gani? Umetoka Bunge la Taifa au Seneti? Nakala iko wapi?

KATIBU: Nina sauti iliyotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp.

MZEE: Hebu niisikie.

(Tukaisikiliza. Dakika nne za mtu mwenye hasira na upepo mwingi.)

MZEE: Huyu amesema “wanasema” mara saba, na hajataja kifungu hata kimoja. Lakini nimejua alichosikia. Binti yangu, huo si mswada tena. Ni Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na Rais Ruto aliitia sahihi tarehe 19 Machi 2024. Ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba aliyenunua nyumba ya mpango wa serikali haiuzi mpaka Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu impe idhini ya maandishi. Ninyi nyumba zenu mlinunua kwa serikali?

KATIBU: Hapana. Tulichanga, tukapata ploti, tukajenga moja moja. Nani aanze tuliamua kwa kura ya karatasi ndani ya kofia.

MZEE: Basi kifungu hicho hakiwagusi. Mngetembea juani Jumatatu nzima kupinga sheria ya jirani.

KATIBU: (akacheka kidogo) Lakini ni kibaya hata kwa huyo jirani.

MZEE: Kwa nini?

KATIBU: Mtu akilipia nyumba yake, ni yake.

MZEE: Sheria ndogo za chama chenu zinasemaje mwanachama akitaka kuuza?

KATIBU: Lazima... lazima akiuzie chama kwanza.

MZEE: Na akipata mnunuzi wa bei kubwa kutoka Eldoret?

KATIBU: Kamati ikubali kwanza.

MZEE: Kwa hiyo serikali ikiwafanyia mnachofanyiana wenyewe, mnaandamana.

Hapo alinyamaza, akamwacha mgeni wake anywe chai. Nilidhani atamwonea. Kumbe alikuwa akimpa nafasi.

KATIBU: Tuliweka sharti hilo kwa sababu nyumba ya bei nafuu ikiuzwa kwa bei ya soko mara moja tu, nafuu imekwisha. Anayekuja nyuma hapati kitu.

MZEE: Ndiyo. Na aliyeandika kifungu cha serikali angeweza kujitetea hivyo hivyo. Tofauti iko wapi? Kamati yenu mnaichagua ninyi, mnakutana nayo sokoni, na ikikalia barua ya mtu mwezi mzima mnaifuata nyumbani. Bodi ya Nairobi utaifuata wapi? Kwa hiyo kama ningeandika maoni juu ya kifungu kile, nisingesema kifutwe. Ningesema kiongezwe maneno: Bodi isipojibu katika siku 60, idhini ihesabiwe imetolewa. Mbunge anayeambiwa “tunakataa” anafunga faili. Anayepewa sentensi ya kubadilisha sentensi, walau ana kitu cha kusoma mbele ya kamati.

KATIBU: Kwa hiyo hata mswada mwingine ukija, tusiupinge?

MZEE: Mpinge kifungu. Mswada mzima haupingwi na watu wa Kakuma peke yao. Piga hesabu: Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika. Turkana ina maeneo bunge sita, ongeza mwakilishi wa wanawake, saba. Saba katika 349.

KATIBU: Na Seneti?

MZEE: Swali zuri. Seneti, kwa mswada unaohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja, Turkana sawa na Nairobi. Moja katika 47. Ukigawanya utaona ni kama sehemu ile ile ya saba katika 349, usidanganyike. Lakini kule una milango saba ya kubisha, huku una mmoja. Na zikipatikana kura 24, Seneti imeamua. Kaunti za wafugaji zikikaa pamoja, si mbali sana.

KATIBU: Nitajuaje kama mswada unahusu kaunti?

MZEE: Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Vyama vya ushirika viko pale, kwenye kazi za kaunti. Nyumba pia ziko pale. Serikali kuu imeachiwa sera ya nyumba. Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi na Mswada wa Ushirika wa 2024, ule uliotaka kuiondoa Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490. Sauti za WhatsApp hazikuutaja. Na Sura ya 490 ndiyo iliyowazaa! Ndiyo iliyosema watu kumi wanatosha kuanzisha chama cha msingi, na mwanachama mmoja hashiki zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Mtu akigusa hiyo, amegusa kitovu chenu. Mnapigana na kivuli, mwenye panga anapita nyuma.

KATIBU: Wengine wanasema tusijisumbue na Bunge, twende mahakamani. Ile tozo ya nyumba si ilishindwa mahakamani?

MZEE: Ilishindwa, ndiyo. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema tozo ya asilimia 1.5 iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023 haina msingi kamili wa kisheria, tena inabagua, maana inakata walioajiriwa na kuwaacha wengine. Walimu wenu lazima walisherehekea.

KATIBU: Tulichinja mbuzi.

MZEE: Mbuzi huyo alikufa bure. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kusimamisha uamuzi ule, na makato yakasimama. Serikali ikafanya nini? Mswada mpya ulikuwa tayari Bungeni tangu Desemba. Majaji walisema tozo inabagua. Basi mswada ukawaweka na wasioajiriwa ndani. Hausemi tena mshahara peke yake, unasema na mapato. Machi ikawa sheria. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaletewa kesi nyingine, ikaikubali sheria hiyo. Ushindi wa mahakamani ni maji ya mto Kawalase: usiku yanabeba ng'ombe, asubuhi watoto wanacheza kandanda mchangani. Sikukatazi kwenda mahakamani. Lakini kumbuka, kesi ilimfundisha aliyeshindwa jinsi ya kuandika vizuri zaidi.

KATIBU: Basi yote ni bure.

MZEE: Sijasema hivyo. Juni 2024 mliona nini?

KATIBU: Mswada wa Fedha. Vijana.

MZEE: Watu wanakumbuka tarehe 25, vijana kuingia Bungeni, na waliouawa. Mungu awarehemu. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Mimi nakumbuka pia wiki zilizotangulia. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika mbili. Bei ya mkate, bei ya sodo, kodi ya gari. Mama wa sokoni alijua kifungu kinachomgusa. Hiyo ndiyo kazi unayoweza kuifanya Kakuma bila kumwaga damu ya mtu. Chukua vifungu vitatu, viandike kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, visome kwenye mkutano.

KATIBU: Na ushirikishwaji wa umma? Mara ya mwisho kamati ilikuja Lodwar, sisi wa Kakuma tukasikia redioni jioni.

MZEE: Ibara ya 118 inasema Bunge lishirikishe umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, ilisema ushiriki huo uwe wa kweli, usiwe wa maonyesho. Kampuni ilishindwa kesi, lakini maneno hayo yalibaki, nasi tunayatumia. Mimi hufurahi sana nikiona tajiri ameshindwa akaacha kitu cha maana nyuma yake! Kwa hiyo usikae kungoja redio. Tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likitaja siku ya mwisho. Mwandikie Karani wa Bunge, omba kamati ifike Kakuma, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokuja, una karatasi. Kuna na ibara ya 119: mtu yeyote anaweza kupeleka ombi Bungeni. Huhitaji wakili.

KATIBU: Barua yenyewe iweje?

MZEE: Kurasa mbili. Sisi ni nani, tuko wangapi, kifungu namba fulani, kitatuumiza hivi, tunaomba kisomeke hivi. Basi. Usianze na historia ya dunia. Na usianze na “sisi wamiliki wa ardhi”.

KATIBU: Kwa nini? Si tunamiliki?

MZEE: Mna hati?

KATIBU: Tuna barua za ugawaji.

MZEE: Barua ya ugawaji ni ahadi. Ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa inashikwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Hiyo ni ibara ya 63, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Huku mkoloni alifunga wilaya nzima, mgeni aliingia kwa kibali, na mkoloni huyo akaleta hata mahabusu wake: Kenyatta alikaa Lokitaung, kisha 1959 akaletwa hapa Lodwar. Mpima ardhi wa ploti alikuja baadaye sana. Kwa hiyo ukisema mnamiliki ardhi, afisa wa kwanza atakuuliza hati, na mazungumzo yamekwisha. Sema: sisi wanachama wa chama kilichosajiliwa. Cheti mnacho. Hakuna atakayebisha.

KATIBU: Ni kama kujificha.

MZEE: Ni kusimama penye mwamba. Unajua ekwar?

KATIBU: Miti ya kando ya Turkwel. Ya bibi yangu iko Nadapal.

MZEE: Ana hati ya miti hiyo?

KATIBU: Hana. Lakini kila mtu anajua.

MZEE: Eeh. Mpita njia atakaa kivulini, lakini kiangazi kikifika, maganda ya miti hiyo ni ya mbuzi wa bibi yako. Umiliki wake uko kwenye vinywa vya majirani. Akifa jirani anayejua mpaka, mti mmoja unaingia shakani. Sasa ninyi mjini majirani zenu wanahama kila mwaka, mwalimu anapewa uhamisho, muuguzi anaenda Kitale. Vinywa vyenu ni daftari la wanachama. Mko wangapi?

KATIBU: Sitini na wawili.

MZEE: Lete daftari.

Alilitoa kwenye mkoba, likiwa limefungwa kwa mpira wa tyubu. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akachukua kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chai na Katiba vilikuwa utangulizi.

MZEE: Huyu namba tano?

KATIBU: Alifariki mwaka juzi.

MZEE: Mrithi ameandikwa? Hapana. Namba tisa na kumi?

KATIBU: Walihamishwa. Hawajachanga tangu hapo.

MZEE: Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Jina la ukoo moja, siku moja, mwandiko mmoja.

KATIBU: (kwa sauti ya chini) Hao ni... Mzee, hao si watoto wa huyo mtu. Pesa ni za wafanyabiashara wa kambini. Wako Kakuma tangu wakiwa wadogo. Waliogopa kuandikwa majina yao, wakatumia ya rafiki.

Nilitazama chini. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Waliokuja watoto sasa wana wajukuu, na maduka yao yanauzia mji sukari.

MZEE: Wamechanga sawa na wengine?

KATIBU: Zaidi. Wao ndio waliolipa mabati ya nyumba ya kwanza.

MZEE: Wengine wa namna hiyo wangapi?

KATIBU: Kumi na mmoja. Labda kumi na wawili.

MZEE: Wanachama wengine wanajua?

KATIBU: Wanajua. Hakuna anayesema.

MZEE: Ukisimama mbele ya kamati ya Bunge ukasema sitini na wawili, mtu mmoja anayewachukia atauliza jina moja tu, namba kumi na nne, na barua yenu yote itaanguka nalo. Ukiwafuta, umewaibia. Ukiwaacha hivi, yule rafiki akifa watoto wake watazirithi nyumba.

KATIBU: Sasa nifanye nini?

MZEE: Sheria ya Wakimbizi ya 2021 waisome pamoja nawe, wao wenyewe wakiwapo. Kisha mkutano mkuu maalumu, akidi itimie, ajenda moja: daftari. Mwombe afisa wa ushirika wa kaunti aje akae, asije kusikia kutoka nje. Kumbukumbu ziandikwe siku ile ile. Barua ya Bunge inaweza kungoja wiki tatu.

KATIBU: Watanikasirikia.

MZEE: Watakukasirikia.

Nje, dereva wa Probox alipiga honi mara mbili. Katibu alilifunga daftari kwa ule mpira, akalifungua tena.

KATIBU: Mzee, niazime hiyo nyekundu.

MZEE: Chukua ya buluu. Nyekundu inatisha watu.

Aliipokea, akaandika kitu ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, juu ya 62 akachora mstari, akaacha nafasi tupu pembeni yake.