Kidhibiti Presha Kwenye Mradi wa Maji: Namna ya Kukiweka na Kukianzisha

Asubuhi vioski vyote vya maji huwa wazi na pampu hufanya kazi bila taabu. Kufikia adhuhuri mitungi imejaa, wauzaji wanafunga mifereji mmoja baada ya mwingine, lakini pampu bado inasukuma. Maji hayana pa kwenda. Presha inapanda ndani ya bomba hadi kiungo kilicho dhaifu kinaachia. Kesho yake kijiji kizima kinarudi mtoni.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za maji. Hata hivyo, miradi mingi ya vijijini huendeshwa kila siku na kamati za wakaazi wenyewe. Somo hili linawalenga wanakamati, mafundi na watumiaji wa miradi ambayo pampu huvuta maji kutoka tanki la chini na kuyasukuma moja kwa moja hadi kwenye vioski.

Kifaa hiki hufanya nini?

Kidhibiti cha presha ya nyuma huwekwa kwenye bomba la pembeni linalotoka karibu na pampu na kurudi kwenye tanki. Ndani yake mna springi inayokandamiza utando. Presha ya upande wa pampu ikiwa ya kawaida, springi hushinda na njia hubaki imefungwa. Presha ikipita kiwango kilichowekwa, utando huinuka na maji ya ziada hurudi kwenye tanki. Presha ikishuka, njia hujifunga tena.

Kuna kifaa kingine kinachofanana nacho kwa umbo, nacho ni kipunguza presha. Hicho huangalia maji yaliyo mbele yake, yaani yanayokwenda kwa mtumiaji. Kidhibiti cha presha ya nyuma huangalia maji yanayokijia. Fundi akikosea na kuweka kimoja mahali pa kingine, bomba halina ulinzi wowote hata kama kifaa ni kipya.

Kuchagua kiwango

Presha hupimwa kwa baa. Baa 1 hupandisha maji takriban mita 10. Tuseme kioski cha juu kabisa kiko mita 30 juu ya pampu. Maji yanahitaji baa 3 kukifikia tu, kisha nguvu zaidi ya kushinda msuguano wa bomba na kutoka vizuri mferejini. Tuseme geji ya pampu inasoma baa 4 vioski vyote vikiwa wazi. Kidhibiti kinaweza kuwekwa baa 5.

Kiwango hicho lazima kiwe chini ya uwezo wa bomba. Bomba lililoandikwa PN10 limetengenezewa presha isiyozidi baa 10, lakini viungo vya zamani na sehemu zilizowahi kutengenezwa huenda zisihimili kiasi hicho. Kamati izingatie sehemu iliyo dhaifu zaidi.

Kukiweka

1. Umeme uzimwe, na swichi ifungwe kwa kufuli ili mtu asiwashe pampu kazi ikiendelea. Presha iliyobaki itolewe hadi geji isome sifuri.

2. Bomba lisafishwe kwa maji kabla ya kifaa kuunganishwa. Punje ya mchanga au kipande cha plastiki kikikwama ndani, njia haitajifunga tena. Chujio liwekwe kabla ya kidhibiti.

3. Mshale ulio kwenye kifaa ufuatwe. Maji yaingie kutoka upande wa pampu na kutokea upande wa tanki.

4. Geji iwekwe karibu na kidhibiti, upande wa pampu. Bila geji, fundi anabahatisha.

5. Bomba la kurudisha maji lisiwe jembamba kuliko mdomo wa kidhibiti. Kama lina valvu ya kufungia wakati wa matengenezo, iachwe wazi siku zote na mpini wake uondolewe.

6. Valvu ya usalama iwepo pia, peke yake, bila kizuizi chochote mbele au nyuma yake. Kidhibiti husawazisha kazi ya kila siku. Valvu ya usalama hungoja siku kidhibiti kitakaposhindwa.

Kukianzisha

Makosa mengi hutokea hapa, kwa sababu ya haraka. Kwanza, skrubu ya juu ifunguliwe kinyume cha saa hadi springi ilegee. Njia ya kwenda vioski ifungwe, kisha pampu iwashwe. Maji yote yatarudi kwenye tanki kwa presha ndogo, yakitoa hewa iliyomo bombani.

Sasa fundi akaze skrubu polepole, robo mzunguko kila mara, akingoja geji itulie kabla ya kuendelea. Geji ikifika baa 5 za mfano wetu, asimame. Kisha njia ya vioski ifunguliwe taratibu. Mifereji yote ikiwa wazi, presha itashuka na bomba la kurudisha litakauka.

Jaribio la mwisho ni kufunga vioski kimoja kimoja. Geji ipande kidogo tu, na maji yaanze kurudi kwenye tanki. Yasiporudi, pampu izimwe mara moja. Jaribio likifaulu, nati ya kufungia skrubu ikazwe, na kiwango pamoja na tarehe viandikwe kwenye kitabu cha mradi na kwenye kibao kando ya pampu.

Dalili za kuangalia

Maji yakirudi kwenye tanki hata vioski vyote vikiwa wazi, huenda kiwango kiko chini mno, kuna uchafu ndani, au utando umechakaa. Mshale wa geji ukirukaruka, huenda kuna hewa bombani au kifaa ni kikubwa kuliko kazi yake. Na maji yakirudi kwa saa nyingi, mradi unalipia umeme wa kuyazungusha bure. Wakati huo heri pampu izimwe.

Hatari kubwa zaidi hutoka kwa watu. Kiangazi kikikaza na maji yakipungua kwenye kioski cha juu, mtu hushawishika kukaza skrubu ili wa juu wapate. Siku hiyo watapata. Lakini presha hiyo hiyo hulemea zaidi mabomba ya bondeni, na yakipasuka, wa juu na wa chini wote hukosa. Malalamiko ya kioski cha juu ni ya haki, na yanapaswa kufika kwenye mkutano wa kamati, ambako ratiba ya zamu au ukubwa wa bomba unaweza kujadiliwa.

Wakaazi wanahimizwa kuuliza kamati zao kiwango kilichowekwa na nani ameidhinishwa kukibadilisha. Anayeona bomba linalovuja au skrubu iliyochezewa aiarifu kamati au ofisi ya msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo.