Boksi lisilo na namba ni hasara: namna ya kufuatilia kumbukumbu zilizo mbali na ofisi

MWADUI

Mfanyabiashara akipokea makadirio ya kodi asiyokubaliana nayo, sheria inampa siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Katika siku hizo hutakiwa kueleza sababu zake na kuzitolea ushahidi. Ushahidi wenyewe kwa kawaida ni karatasi: ankara, risiti, hati za kupokelea mzigo na taarifa za benki. Mara nyingi karatasi hizo zipo. Kinachokosekana ni mtu anayejua ziko kwenye boksi gani.

Kwa wauzaji wa Maganzo na Mwadui wanaopeleka vipuri, vyakula au sare mgodini, tatizo hili huanza polepole. Ofisi ni ndogo na makaratasi huongezeka kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja au miwili maboksi huhamishiwa chumba cha uani, stoo ya ndugu mjini Shinyanga au ghala la kukodi Mwanza. Kuhamisha si kosa. Novemba 7, 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani. Aliyeweka kila kitu mahali pamoja hupoteza kila kitu kwa siku moja. Kosa ni kuhamisha maboksi bila kuandika yamekwenda wapi na yamebeba nini.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano wa muuza vipuri aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambaye mwaka 2021 alinunua bidhaa za sh. milioni 50 kabla ya kodi. Kwa kiwango cha asilimia 18 alilipa VAT ya sh. milioni 9, akaidai kama kodi ya manunuzi. Miaka mitatu baadaye wakaguzi wanaomba kuziona ankara, naye hazioni. Kodi hiyo yaweza kukataliwa yote, na riba juu yake.

Akitaka kupinga, pingamizi halipokelewi mpaka alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishania, kile kilicho kikubwa zaidi. Kama anabishania kiasi chote, theluthi ya milioni 9 ni sh. milioni 3, fedha ambazo zingezungushwa dukani. Anaweza kuomba kupunguziwa kiasi hicho au kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu za kuridhisha. Aidha, shauri likifika Bodi ya Rufani za Kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wa mlipakodi mwenyewe. Kusema "risiti zipo stoo" hakumsaidii.

Kila karatasi na umri wake

Kabla ya kupanga maboksi ni vema kujua kila karatasi itunzwe kwa muda gani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira ya mfanyakazi kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, na ya kurejesha ardhi ndani ya miaka 12. Leseni ndogo ya uchimbaji madini hutolewa kwa miaka 7, na nyaraka zake zisiguswe maadamu leseni ingali hai.

Hivyo ankara ya kodi ambayo pia inathibitisha deni la mkataba itunzwe miaka 6, si 5. Muda mrefu ndio unaofuatwa. Na pakiwa na ukaguzi au kesi, hakuna karatasi inayohusika itakayoteketezwa mpaka shauri liishe, hata kama muda wake umepita.

Hatua za kupanga

Kwanza, usichanganye umri. Boksi moja libebe aina moja ya nyaraka za kipindi kimoja. Boksi lenye ankara za 2021 pamoja na hati ya kiwanja haliwezi kuteketezwa kamwe, na litalipiwa kodi ya ghala miaka yote.

Pili, kila boksi lipewe namba moja isiyorudiwa, kwa mfano 21/014. Namba hiyo iandikwe kwa wino usiofutika pande mbili za boksi, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Nje pasiandikwe "mishahara" wala "mikataba". Mwizi asisaidiwe kuchagua.

Tatu, ifunguliwe rejesta ya maboksi. Kwa boksi 21/014 mstari wake utasomeka hivi: ankara za manunuzi, Januari hadi Juni 2021, namba ya ankara ya kwanza na ya mwisho, jina la aliyefunga boksi na tarehe, mahali B-3-2, lipitiwe Januari 2028. Maneno "karatasi mbalimbali" yapigwe marufuku. Boksi la "mbalimbali" ndilo litakalofunguliwa kila mara na ndilo litakalokosa kitu.

Nne, shelfu nazo zipewe anwani. B-3-2 maana yake ni safu B, shelfu ya 3, nafasi ya 2. Namba ya boksi haibadiliki, lakini mahali pake panaweza kubadilika, na pakibadilika rejesta isahihishwe siku hiyo hiyo. Wengi hupotelea hapa: boksi lipo, ila lilisogezwa kupisha magunia.

Tano, nakala ya rejesta ikae mahali pengine, mbali na maboksi na mbali na ofisi. Kompyuta au daftari la kawaida vyote vinafaa. Ghala la maboksi 200 lisilo na rejesta ni rundo la karatasi tu.

Kutoka na kurudi

Boksi likitoka ghalani liandikwe: nani amelichukua, lini, kwa kazi gani na litarudi lini. Mahali lilipokuwa ibaki kadi yenye maelezo hayo hayo. Ikitakiwa ankara moja tu, atolewe nakala, na ile halisi isitoke. Kila Ijumaa mtunza stoo apitie kadi zilizopitwa na tarehe na kuwadai waliochukua, kama duka linavyodai wakopaji.

Risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zinahitaji uangalifu wa pekee. Karatasi yake hufifia kwa joto na mwanga, na joto la Shinyanga halina huruma. Itolewe fotokopi mapema na kubanwa pamoja na risiti yenyewe. Boksi likiwa na namba nzuri lakini ndani kuna karatasi nyeupe, kazi yote imekuwa bure.

Hata ghala la kulipia halimalizi wasiwasi. Nchini Marekani, Herman Knaust alinunua mgodi wa chuma uliokwisha mwaka 1936 ili alime uyoga, na mwaka 1951 akaugeuza ghala la nyaraka. Ndiyo asili ya kampuni ya Iron Mountain. Hata hivyo, Februari 5, 2014 ghala la kampuni hiyo mjini Buenos Aires liliteketea kwa moto. Nyaraka chache zisizo na mbadala, kama hati ya kiwanja, leseni na mikataba mikubwa, ziwe na nakala mahali pa pili.

Jaribio la dakika 30

Kila miezi mitatu mwenye biashara anashauriwa kuchagua mistari mitatu ya rejesta na kwenda kuyatafuta maboksi yake, kisha kuchagua maboksi matatu kwenye shelfu na kuyatafuta katika rejesta. Njia zote mbili zikikubaliana, mpango unafanya kazi. Ghala likiwa karibu, karatasi moja isichukue zaidi ya dakika 30 kupatikana.

Jaribio hilo linamfaa pia mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia. Mgodi wa Mwadui wenyewe, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ulipita kwa De Beers na serikali mwaka 1958, na mwaka 2009 hisa asilimia 75 zikaenda Petra Diamonds. Kila anayeingia hupokea pia madeni na madai ya waliotangulia. Kwa duka la vipuri au leseni ndogo mambo ni hayo hayo. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji aombe kuona ankara moja ya miaka mitatu iliyopita, kisha atazame saa yake.