Vidokezo 10 vya kuipa Subaru ya zamani sura ya mdogo wake

Impreza ya taa za mviringo ilipozinduliwa Japani mwaka 2000, wengi waliitazama mara moja wakageuza uso. Kiwanda nacho hakikukaa sana: mwishoni mwa 2002 sura ikabadilishwa, na 2005 ikabadilishwa tena. Ndiyo sababu gari moja lina nyuso tatu, na wapenzi wake huzitaja kwa macho: bugeye, kisha blobeye, kisha hawkeye. Milango ni ileile, paa ni lilelile, kioo cha mbele hakikuguswa. Kwa hiyo mwenye WRX ya kwanza, yaani Impreza yenye tabo, anaweza kuifungia sura ya mdogo wake kwa bolti, bila mtu kuwasha mashine ya kuchomelea. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, hawkeye ya kushushwa Mombasa imeshakuwa hadithi. Utatengeneza uliyo nayo.

1. Soma namba ya chasisi kabla hujanunua hata skrubu

Kwa gari lililotoka Japani, GDA ni WRX ya sedan, GDB ni STI (WRX yenye makali zaidi), na GGA ni WRX ya wagon. Hapo kwenye wagon ndipo pesa nyingi hupotelea. Sedan ina upana wa milimita 1,730 ilhali wagon ina 1,695, kwa sababu Japani gari likivuka milimita 1,700 linahama daraja la usajili. Tofauti hiyo imo kwenye fenda. Ukichukua bampa ya sedan ukaipeleka kwenye wagon, itachomoza pande zote mbili na hakuna fundi atakayeirudisha ndani kwa kubembeleza. Mwenye wagon atafute uso wa wagon, basi. Na Impreza ya kuanzia 2007 ni chasisi nyingine kabisa. Muuzaji akikuambia “hii itaingia tu, boss”, mshukuru, uendelee na safari yako.

2. Nunua uso mzima

Boneti, fenda mbili, bampa, grili, taa mbili, chuma kinachokaa ndani ya bampa, vishikio vya taa, plastiki zinazofunika ndani ya fenda. Hivi vyote vitoke kwenye gari moja. Njia iliyo bora ni kutafuta pua nzima iliyokatwa kutoka Japani, inayokuja na vishikio, klipu na plagi zake. Ukiokota boneti hapa, taa kule na fenda ya kushoto kwa mtu wa tatu, utaona bei imeshuka, lakini kila kipande kina historia yake ya ajali na mapengo hayatawahi kulingana. Wanaozunguka Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, wanajua kwamba kinachokosekana siku ya kufunga huwa si boneti. Huwa ni klipu ya shilingi chache isiyopatikana popote.

3. Tembea na sumaku mfukoni

Ipitishe juu ya fenda polepole. Ikiachia mahali, chini ya rangi hiyo kuna pati iliyojazwa kwa ukarimu. Ila usimkasirikie muuzaji sumaku ikikataa boneti nzima: matoleo kadhaa ya gari hili yana boneti ya alumini. Hiyo ni nyepesi na ni nzuri, lakini ikibonyea, mpeleke fundi anayeijua alumini, maana haikubali nyundo kama bati la chuma.

4. Taa: hapa usifanye haraka

Kipande kinachobadilisha sura ndicho pia kinachoweza kumuua mtu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, uliza taa ilitoka nchi gani. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto, na taa ya Japani au Uingereza imeundwa kuinua mwanga upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Taa iliyotolewa kwenye gari la Dubai au Marekani huinua mwanga kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori anayekuja. Kwa nje zinafanana kabisa, na ndiyo maana za Ghuba huuzwa hapa bila mtu kuuliza. Msomaji wa Goma au Bujumbura, ambako watu huendesha kulia, ageuze ushauri huu: taa ya Japani ndiyo itakayomsumbua.

Pili, plagi. Uso mpya hauna lazima ya kuzungumza na waya za zamani. Usikubali waya zisokotwe kwa vidole na kufungwa utepe mweusi. Mvua mbili tu na kiashiria kitaanza kuwaka kitakavyo. Nunua taa pamoja na kipande cha waya na plagi zake, viungo vichomwe kwa risasi na vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kama taa mpya zinavuta umeme mwingi kuliko za mwanzo, ziwekewe rilei yake na fyuzi yake.

Tatu, baadhi ya taa hizi hutumia balbu za gesi ya xenon, ambazo kuwaka tu zinahitaji volti zaidi ya 20,000 kwa muda mfupi sana. Fundi asiingize mkono mle taa zikiwa zimewashwa. Na usichomeke balbu ya xenon kwenye taa iliyotengenezewa halojeni: mwanga unatawanyika kila upande, wewe unajiona mfalme na wenzako hawaoni kitu.

Zikishafungwa, egesha mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani. Kwa taa za chini, ukingo wa juu wa mwanga uwe takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Zikiwa juu zaidi, rekebisha kabla ya kutoka getini.

5. Tundu la boneti si pambo

WRX imebeba intakula yake juu ya injini, na lile tundu la boneti ndilo pua yake. Chini ya boneti kuna mfereji wa plastiki unaoelekeza upepo pale unapotakiwa. Ukibadilisha boneti, badilisha na mfereji wake, na uangalie mpira unaoziba pembeni. La sivyo upepo utapita kando, na hewa inayoingia kwenye injini itabaki moto. Utaisikia nguvu ikipungua ukianza kupanda, hasa baada ya foleni ya Thika Road.

Kwa wenye Impreza ya 1.5 isiyo na tabo: boneti yenye tundu kwenu inaingiza mvua juu ya injini isiyokuwa na cha kuikinga. Lizibeni kwa ndani.

6. Funga kwanza, paka rangi baadaye

Uso wote ufungwe ukiwa na rangi zake za ajabu, fenda nyekundu na boneti ya fedha, watoto wa mtaa wacheke. Hapo ndipo utaona kama pengo kati ya boneti na fenda ni sawa juu na chini, na kama mlango unafunguka bila kugusa fenda. Mashimo ya bolti yana nafasi ya kusogeza. Fundi mzuri huyachezea nusu siku kwa furaha. Ukipaka kwanza, utarekebisha huku unachubua.

7. Rangi

Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Ile buluu maarufu ya mashindano, kwa mfano, ni 02C. Lakini namba hukuambia rangi ilivyokuwa ikitoka kiwandani, na yako imepigwa jua la miaka ishirini. Ng'oa kifuniko cha tangi la mafuta, mpelekee mchanganyaji, alinganishe kwa macho nje kwenye mwanga wa jua. Kisha fundi aififishe rangi mpya taratibu ndani ya mlango wa mbele badala ya kuikata pale fenda inapoishia, na mlango mzima upate vanishi. Bampa asili ni ya plastiki na inadai praima yake ya plastiki. Bila hiyo, rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Bampa za faiba zinazomwagwa hapa mjini zinavutia kwa bei. Matuta yetu hayazipendi.

8. Rimu zina hesabu yake

Ukishavutiwa na hawkeye utataka rimu za STI. Subiri. WRX ya enzi hii ina bolti tano kwenye duara la milimita 100, lakini STI ilihamia 114.3 kuanzia toleo la 2005. Rimu hizo hazikai kwenye habu yako, na kuzilazimisha kwa nati za mbinu ni kutafuta gurudumu litakalokupita barabarani.

9. Usikate, na usitupe

Fundi akitaka kukata chuma cha mbele ili “kitu kiingie”, amekosea kipande, si gari. Chuma hicho na kile cha ndani ya bampa ndivyo vinavyopokea kishindo, na vihisi vya begi la hewa vinategemea vikae mahali pake. Uso wako wa zamani ufunge kwenye blanketi uweke stoo. Richard Burns alichukua ubingwa wa dunia mwaka 2001 na Impreza yenye taa hizohizo za mviringo zilizochekwa, na zipo dalili kwamba macho ya watu yamelainika: siku hizi bugeye safi, isiyoguswa, inageuza vichwa kuliko hawkeye ya kuungaunga. Mimi binafsi ningeiacha. Lakini gari ni lako.

10. Makaratasi na mnunuzi

Ukibadilisha rangi, badilisha na kwenye usajili, na mwambie mtu wa bima alichokuwa anakikatia bima na ulicho nacho sasa. Mwaka wa kutengenezwa haubadiliki hata ufunge taa za leo asubuhi. Siku ya kuuza, sema wazi ni sura iliyobadilishwa na onyesha risiti. Kazi nzuri ina wapenzi wake. Ukinyamaza, mnunuzi anayejua atafungua boneti yako mpya na kusoma msimbo wa modeli kwenye kibati. Herufi ya nne kwa gari la Japani ikiwa A au B, hilo lilizaliwa na macho ya mviringo. C, D na E ni blobeye. Hawkeye halisi ni F au G, na kuanzia hapo bei ataitaja yeye.