Majani ya Kikuyu na Kijidudu cha Maharagwe

Mtu apitaye Kawangware, penye nafasi ndogo iliyosalia baina ya nyumba, ataona majani ya Kikuyu yamefunika udongo mwekundu kama mkeka. Katika udongo wa namna hiyo huishi pia vijidudu waitwao raizobia, ambao macho hayawezi kuwaona. Mwenye kipande cha shamba yampasa awajue majirani hawa wawili, maana wote wana haja ya naitrojeni, chakula kile kiyapacho majani rangi ya kijani. Lakini huipata kwa njia mbalimbali.

Majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, huichota naitrojeni udongoni kwa mizizi, na kuinyang'anya mimea mingine. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, na kipande cha shina chenye kifundo kikiachwa shambani huchipuka upya. Kwa hiyo kulima tu hakutoshi. Sharti vipande viokotwe na kukaushwa juani. Lakini tusiyatukane kupita kiasi, kwani ng'ombe huyapenda, na penye mteremko huzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Raizobia huingia katika mizizi ya maharagwe, nayo ikafanya vinundu. Humo hushika naitrojeni ya hewani (zaidi ya robo tatu ya hewa ni naitrojeni) na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hawafanyi kazi bure: mmea huwalipa sukari. Mholanzi Beijerinck ndiye aliyewatenga kwa mara ya kwanza, mwaka 1888. Huko Kabete, si mbali na Kawangware, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza mbolea ya vijidudu hawa, iitwayo Biofix. Mbegu hupakwa kivulini, zikapandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu, kwani jua kali huwaua.

Maharagwe yaanzapo kutoa maua, chimbua mmea mmoja taratibu, usiung'oe kwa nguvu, ukate kinundu kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani, vijidudu wamo kazini. Wekundu huo ni wa kitu kilicho ndugu ya kile kiipacho damu yetu rangi yake. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawakufanyi faida. Wala usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni hapo, maana mmea ulioshiba huacha kuwakaribisha. Ukisha kuvuna, kata mashina na kuiacha mizizi udongoni; ikioza, mahindi yatakayofuata yatapata sehemu ya naitrojeni hiyo.