Ile Hela ya Ruzuku Itume kwenye Namba Hii

Haya wadogo zangu, sogeeni mkekani. Leo nina barua moja tu, na imenichekesha na kunikera kwa mpigo mmoja.

Imetoka Morogoro. Mabinti watatu wana kikundi chao. Kila Jumamosi wanaingia soko la Chifu Kingalu kuwafundisha mama lishe na wauza nyanya namna ya kuwashtukia matapeli wa simu. Kazi ya kujitolea, nauli wanatoa wenyewe. Wakaomba ruzuku ya serikali. Mwezi uliopita mtu akawapigia na kuwaandikia, akajitambulisha kuwa ofisa "kutoka wizarani": andiko lenu la mradi limepita, milioni 18, ila tangulizeni 150,000 ya kuchakata faili. Wameshachanga 90,000. Wananiuliza, dada, tukope hiyo sitini iliyobaki?

Mwenzangu! Si wewe unayemwambia mama wa vitumbua kwamba mtu akikuahidi pesa halafu akakuomba pesa, kata simu?

Sikucheki kwa dharau. Ukiwa na shida na kitu, masikio yanasikia kile yanachotaka. Mimi nami niliwahi kumlipa bwana mmoja aniandikie andiko. Akaniletea kurasa 40 zenye jalada zuri kweli, jina la kikundi chetu limekolezwa wino. Kufungua ndani, mradi wa kufuga kuku. Alibadilisha jalada tu. Na wino wa jalada nililipia mimi.

Sasa sikiliza. Serikali yetu ikikudai malipo halali, inakupa kontroo namba, nawe unalipa benki au kwa simu, na jina la taasisi unaliona kabla hujaweka namba ya siri. Haikutajii namba ya simu ya mtu na kukwambia "jina litakuja la msaidizi wangu". Barua pepe yake inaishia na go.tz. Huyo wenu ameandika kwa Gmail, na "Wizara" ameiandika "Wizala". Ujumbe wake utumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha mtaje namba iliyoutuma. Mnawafundisha wengine kila wiki; safari hii fanyeni wenyewe.

Tuje kwenye pesa ya kweli, maana hapo ndipo wengi mnapochanganya madawa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, siyo ruzuku. Ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ukikopa ili ukafundishe watu bure sokoni, marejesho yatatoka wapi? Kwenye nyanya za nani? Mkiwa na biashara pembeni, kopeni kwa ajili ya biashara. Elimu itafutieni chungu kingine.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao uko kisheria tangu 2006, na watu husikia "mfuko" wakadhani ni wa kuchota. Kazi yake kubwa ni kufikisha mawasiliano vijijini, na minara inajengwa na kampuni za simu kupitia zabuni. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa upande wake inatoa elimu yenyewe. Kampeni ya Sitapeliki mmeisikia. Kwa hiyo mkiandika barua huko, msiombe fedha kwanza. Ombeni ofisa aje sokoni Jumamosi moja, ombeni vipeperushi, ombeni kutambuliwa. Barua moja ya ushirikiano yenye mhuri ina uzito kuliko kurasa zangu 40 za kuku.

Halafu pesa ya serikali si lazima iwe ya serikali yetu. Ubalozi wa Canada, kwa mfano, una mfuko wa miradi midogo ya asasi za wenyeji, Canada Fund for Local Initiatives, na tangazo lake hutolewa wazi. Lakini huko mtaulizwa cheti. Kikundi si asasi. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, ndiye msajili msaidizi wa NGO, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na wasifu wa viongozi. Mkija kupokea fedha inayovuka milioni 20, kanuni za 2018 zinataka chanzo na matumizi yake viwekwe wazi kwa umma. Zoeeni daftari la hesabu tangu sasa, hata kama ndani yake kuna nauli ya daladala tu.

Andiko lenyewe nimelisoma. "Kutoa elimu ya usalama wa mtandao kwa umma." Umma gani, jamani? Mnajua mambo mazito kuliko hayo! Kwenye barua mmenisimulia yule mama aliyepiga *106# mbele yenu akakuta laini mbili asizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, akakumbuka kijana aliyemwambia "weka kidole tena, mashine haijasoma". Hilo ndilo andiko. Wangapi wamepiga *106# Jumamosi hiyo, wangapi wamekuta laini ngeni, na mkirudi baada ya mwezi, wangapi wamezifuta. Mfadhili akiona hesabu hiyo hatauliza umma gani.

Kitu kimoja kimeninyima usingizi, nacho ni karatasi ya mahudhurio. Wafadhili wanaitaka: jina, simu, sahihi. Ninyi mmeongeza na namba ya NIDA, kisha mnaipitisha mkono kwa mkono soko zima. Hebu fikirieni tapeli akiipiga picha. Majina 60 ya watu wenye pesa kwenye simu, na anajua hata siku waliyofundishwa, kwa hiyo anapiga: "Mama, ni sisi wale wa semina ya Jumamosi." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki mkusanye msichokihitaji. NIDA futeni. Namba za simu aandike mmoja wenu, karatasi isitoke mkononi mwake. Na kwenye andiko semeni kwamba mnafanya hivyo na kwa nini.

Ile 90,000 msiikopee nyongeza. Kila mtu arudishiwe chake, au mkikubaliana, toeni kopi za vipeperushi na mnunue chai na maandazi ya Jumamosi. Na huyo "ofisa" akipiga tena, mwambieni awapatie kontroo namba, kisha mniandikie alijibu nini.